Kuona Ishara ya Kalsiamu Ikisafiri Ndani ya Mmea: Mwongozo wa Kutumia Vihisi vya Jeni Vinavyong'aa

Chukua mche wa Arabidopsis thaliana, mmea mdogo unaotumiwa sana maabara, uliotiwa jeni ya kihisi cha kalsiamu, uweke chini ya hadubini ya mng'ao, kisha kata jani moja kwa mkasi. Papo hapo mwanga wa kijani utawaka penye kidonda. Utafuata mishipa ya jani, utashuka kwenye kikonyo, na baada ya dakika moja au mbili utaibuka kwenye majani mengine ambayo hukuyagusa kabisa. Masatsugu Toyota, Simon Gilroy na wenzao walionesha jambo hili mwaka 2018 katika jarida la Science, na walipima mwendo wa ishara hiyo: takriban milimita 1 kwa sekunde. Mmea hauna neva hata moja, lakini habari ya kuumizwa huufikia mwili wake wote kabla kiwavi hajalimaliza jani analotafuna.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi au mtafiti anayetaka kufanya jaribio la namna hiyo kwa mikono yake, kuanzia mbegu hadi grafu. Ushike neno moja tangu mwanzo, kwa sababu hatua zote zinazofuata zimejengwa juu yake: kamera haioni kalsiamu, inaona mwanga. Mwanga huongezeka kwa sababu nyingi, na kalsiamu ni mojawapo tu. Kazi yako kubwa ni kuziondoa hizo nyingine moja baada ya nyingine.

Kihisi chenyewe

Asili ya vihisi hivi ni samaki jeli aitwaye Aequorea victoria, anayepatikana katika pwani ya magharibi ya Amerika ya Kaskazini. Osamu Shimomura alitangaza mwaka 1962 protini mbili za kiumbe huyo: aequorin, inayotoa mwanga ikikutana na kalsiamu, na GFP, inayong'aa kijani ikimulikwa kwa mwanga wa buluu. Mwaka 2008 alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia pamoja na Martin Chalfie na Roger Tsien.

Mimea iliingia mapema katika historia hii. Mwaka 1991 Marc Knight, Anthony Trewavas na wenzao walitia jeni ya aequorin kwenye tumbaku na kuonesha kwamba mguso na baridi ya ghafla hupandisha kalsiamu ndani ya seli. Lakini mwanga wa aequorin ni hafifu sana, na ni vigumu kuutumia kujua ni seli ipi hasa iliyoitika.

GCaMP, iliyotengenezwa Japani na kutangazwa mwaka 2001, ilitatua tatizo hilo. Ni GFP iliyokatwa na kuungwa upya, ikaunganishwa na kalmodulini, protini inayoshika kalsiamu, pamoja na kipande kifupi cha protini kiitwacho M13. Kalsiamu ikishikwa, kalmodulini hulikumbatia kipande cha M13, umbo la GFP hubadilika, na mng'ao huongezeka. Mmea wenyewe ndio unaotengeneza kihisi kwa kusoma jeni uliyoitia, kwa hiyo huchomi sindano wala hupaki rangi. Kihisi kinakuwamo katika kila seli ambamo jeni imewashwa, siku zote za uhai wa mmea.

Chagua kihisi kwa kufuata swali

Usianze kwa kuuliza maabara yenu ina hadubini gani. Andika kwanza swali lako kwa sentensi moja: napima kitu gani, katika sehemu gani ya seli, na kinabadilika kwa kasi gani? Majibu hayo matatu yataondoa vihisi vingi vyenyewe.

Vihisi vya kundi la kwanza hupimwa kwa ukali wa rangi moja. GCaMP3 imo humu, na R-GECO1, inayong'aa nyekundu, pia imo. Vinaitika kwa nguvu na havihitaji mitambo mingi. Udhaifu wao ni kwamba jani likisogea, likijikunja au likitoka kwenye fokasi, ukali unabadilika hata kama kalsiamu imetulia.

Kundi la pili hupimwa kwa uwiano. Yellow Cameleon 3.6 ina protini ya samawati na ya njano zilizounganishwa. Kalsiamu ikiingia, nishati huhama kutoka ya kwanza kwenda ya pili, nawe unagawanya njano kwa samawati. roGFP2-Grx1, inayopima hali ya glutathioni, humulikwa kwa nanomita 405 na 488 kwa kupokezana, kisha unachukua uwiano wa picha mbili. Kwa kugawanya, tofauti za unene wa jani na za wingi wa kihisi hupungua sana. Kama hadubini yako inaweza kubadili mwanga haraka, na swali lako linahusu seli chache zilizo karibu, napendelea kundi hili. Kwa wimbi linalopita kwenye mmea mzima, GCaMP3 inatosha, na ndiyo nitakayoifuata hapa.

Vihisi vya vitu vingine vipo. iGluSnFR hupima glutameti (asidi ya amino ambayo Toyota na wenzake walionesha kwamba huanzisha wimbi hili la kalsiamu), nlsGPS1 ya mwaka 2017 hupima homoni ya jiberelini katika kiini cha seli, na AuxSen ya mwaka 2021 hupima oksini. Kwa homoni uwe na tahadhari ya ziada. Kihisi hufanya kazi kwa kukishika kile kinachopimwa, na kilichoshikwa na kihisi hakipo huru kufanya kazi yake ya kawaida. Vihisi vya kwanza vya asidi ya absisiki, vilivyotangazwa mwaka 2014, vilibadilisha usikivu wa mimea kwa homoni hiyo hiyo, na watafiti waliovitengeneza walilisema hilo wazi.

Angalia pia pH ya mahali kihisi kinapokaa. Ndani ya sitoplazimu pH iko karibu na 7, na protini za jamii ya GFP hung'aa vizuri. Kwenye kuta za seli pH huwa kati ya 5 na 6, na hapo GFP nyingi hufifia. Ukiweka iGluSnFR nje ya seli, kama walivyofanya Toyota na wenzake, kupanda kidogo kwa pH kunaweza kuonekana kama glutameti. Hapo itakubidi upime pH kwa kihisi chake cha peke yake.

Mbegu na vibali

Njia nyepesi ni kuomba mbegu zilizokwisha kutiwa kihisi. Hazina kuu za mbegu za Arabidopsis ni NASC iliyoko Nottingham, Uingereza, na ABRC iliyoko Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani. Mbegu usizozikuta huko, waandikie waandishi wa makala husika. Plasmidi (vipande vya duara vya DNA vinavyobeba jeni) nyingi za vihisi zinapatikana Addgene, shirika linalosambaza plasmidi kwa watafiti.

Kabla mbegu haijavuka mpaka, kumbuka kwamba huu ni mmea uliobadilishwa jeni, hata kama hauliwi na mtu wala mnyama. Kenya ina Sheria ya Usalama wa Kibayolojia ya mwaka 2009 na Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama wa Kibayolojia inayoisimamia. Uingizaji wa mbegu unapitia KEPHIS, shirika la Kenya la ukaguzi wa afya ya mimea. Tanzania ina kanuni za usalama wa kibayolojia za mwaka 2009 chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira. Anza makaratasi haya mapema pamoja na kamati ya chuo chako, kwa maana hakuna hatua katika mwongozo huu inayochukua muda usiotabirika kama hii. Mbegu za Arabidopsis ni ndogo kama vumbi. Zimwage juu ya karatasi nyeupe, feni ikiwa imezimwa, na kila kilichobaki kipite kwenye otoklevu (chombo kinachoua vijidudu kwa mvuke wenye shinikizo) kabla ya kutupwa.

Ikibidi uutie mmea jeni mwenyewe, tumia njia ya kuchovya maua kwenye bakteria ya Agrobacterium yenye plasmidi yako, katika maji yenye sukari asilimia 5 na tone la Silwet L-77, kioevu kinachosaidia maji kuenea juu ya maua. Vuna mbegu, zioteshe kwenye dawa ya kuchagua, na endelea hadi kizazi cha tatu upate mimea ambayo watoto wake wote wana kihisi. Promota (kipande cha DNA kinachowasha jeni) ya 35S huwasha jeni kwa nguvu, lakini mara nyingi mmea huizima baada ya vizazi vichache. UBQ10 ni ya wastani na hudumu zaidi, na kwa kazi mpya ningeanza nayo.

Otesha, kisha kagua ukoo wa mmea

Safisha mbegu kwa ethanoli ya asilimia 70 kwa dakika chache, au kwa jiki iliyozimuliwa, na usuuze mara kadhaa kwa maji safi yaliyochemshwa kwenye otoklevu. Zipande kwenye sahani za petri zenye chakula cha MS (Murashige na Skoog, mchanganyiko wa virutubisho vya mimea) cha nusu nguvu, pH 5.7 hadi 5.8, na aga asilimia 0.8. Ziweke kwenye friji ya nyuzi 4, gizani, siku 2 au 3, ndipo uzipeleke kwenye nyuzi 22 na mwanga wa saa 16 kwa siku. Kwa wimbi la majani, mimea ya wiki mbili na nusu hadi nne inafaa. Panda mche mmoja au miwili kwa sahani, kwa kuwa majani yaliyopandana yatakunyima kipimo.

Sasa linganisha koo mbalimbali za mimea hiyo. Watu wengi huchagua ule unaong'aa kuliko yote, kwa kuwa picha yake inavutia. Mimi nasema chagua ule unaong'aa kwa kiasi cha kutosha kamera, halafu usiongeze. Kihisi kikizidi, nacho kinanyonya kalsiamu ya seli. Pima urefu wa mizizi, ukubwa wa majani na siku ya kutoa maua, uvilinganishe na Col-0, aina ya kawaida ya Arabidopsis, isiyo na kihisi. Ukoo unaotofautiana na Col-0 uweke kando hata ukiwa mzuri namna gani. Kisha tumia koo mbili zilizotokana na utiaji jeni tofauti, ili usije ukadhani ni tabia ya kalsiamu kumbe ni tabia ya mahali jeni ilipojipachika.

Andaa hadubini

Kwa mmea mzima, hadubini bora ni ile ya stereo yenye mng'ao, lenzi ya ukuzaji mdogo na kamera nyeti. Konfoko, hadubini inayomulika kwa leza nukta kwa nukta, inaona seli moja moja vizuri, ila haiwezi kuchukua majani sita kwa wakati mmoja. Kwa GCaMP tumia mwanga wa buluu wa karibu nanomita 470 hadi 488, na kichujio kinachopitisha nanomita 510 hadi 550 hivi. Klorofili inang'aa nyekundu kuanzia karibu nanomita 650, na kilele chake ni karibu 680. Kichujio kirefu kinachopitisha kila kitu kuanzia 510 kitakuletea wekundu wote huo. Jaribu kwa Col-0: ukiona majani yaliyong'aa sana wakati hayana kihisi, kichujio chako ndicho chenye kasoro.

Mpangilio wa kasi unautoa kwenye hesabu rahisi. Ishara inakwenda milimita 1 kwa sekunde. Jani la milimita 20 linavukwa kwa sekunde 20. Ukipiga picha kila sekunde 10, wimbi litapita jani zima katika picha mbili au tatu, na hutaweza kupima mwendo wake. Picha moja kila sekunde 2 inakupa nukta kama kumi katika jani hilo hilo. Ukienda haraka zaidi utapata nukta nyingi, lakini kila picha ina gharama yake ya mwanga, na mwanga mwingi hukifisha kihisi.

Punguza nguvu ya mwanga hadi mmea uliotulia uonekane kwa shida kidogo tu. Ukishauwasha sana kabla ya kuukata, kilele kitagonga dari la kamera. Kamera ya biti 12 inaishia 4,095, na ya biti 16 inaishia 65,535. Pikseli zikifika hapo, kilichotokea juu yake kimepotea na hakuna programu itakayokirudisha.

Kupiga picha

Fungua kifuniko cha sahani polepole na uiweke chini ya lenzi. Mmea utakuwa umeguswa, umepigwa na hewa kavu na umeinamishwa, na yote hayo hupandisha kalsiamu. Uache utulie angalau dakika 20 hadi 30.

Zaidi ya hayo, mwanga wako wa buluu nao ni ishara kwa mmea. Fototropini, protini zinazohisi mwanga wa buluu, zinaweza kupandisha kalsiamu ya sitoplazimu zikimulikwa. Ukiwasha taa na kukata jani sekunde ileile, utakuwa umeanzisha mambo mawili kwa pamoja. Washa taa kwanza, rekodi dakika 5 bila kufanya lolote, uangalie mstari wa chini. Kama bado unashuka au kupanda, endelea kungoja. Mstari uliolala ndio ruhusa yako ya kuendelea.

Kata ncha au kikonyo cha jani moja kwa mkasi mkali, kwa mkono uliotulia, bila kuligusa jani jingine. Andika namba ya picha ambayo mkasi ulifunga. Endelea kurekodi dakika 10 nyingine.

Ukitaka kujaribu glutameti, kata kipande kidogo cha ncha ya jani, ungoje ishara ya kukata iishe kabisa, ndipo udondoshe mikrolita 10 za glutameti ya milimola 100 kwenye kidonda. Monosodiamu glutameti yenye molekuli moja ya maji ina uzito wa gramu 187 kwa moli, kwa hiyo gramu 1.87 katika mililita 100 inakupa kipimo hicho. Usitumie asidi ya glutamiki tupu bila kurekebisha pH, maana ni kali, na tone lenye asidi litaamsha seli kwa sababu isiyohusiana na glutameti. Kemikali hii ndiyo ile inayouzwa dukani kama kiungo cha kukoleza mchuzi, ila kwa jaribio nunua ya daraja la maabara.

Mimea ya kulinganishia

Hapa ndipo jaribio linaposimama au kuanguka, na ndipo ningetaka utumie muda wako mwingi kuliko popote.

Mmea wa kwanza ni Col-0 isiyo na kihisi, ikatwe vilevile. Seli zinazokufa kando ya kidonda, na kuta zenye fenoli, hung'aa zenyewe zikimulikwa buluu. Ukiona ukingo wa jani la Col-0 unawaka, basi sehemu hiyo iondoe kwenye vipimo vyako vyote.

Mmea wa pili ni ule wenye GFP ya kawaida isiyohisi kalsiamu. Jani likikatwa huweza kujikunja na kuinuka, na fokasi hubadilika. Mmea wa GFP utakuonesha mabadiliko hayo peke yake. Kama "wimbi" lako linaonekana hata humo, hilo si wimbi la kalsiamu.

Kwa tone la glutameti unahitaji tone la maji na tone la sorbitoli ya milimola 100, ili kutenga mguso na mvutano wa maji. Utashawishika kuongeza chumvi ya mezani ya milimola 100 kwa ajili ya sodiamu. Ongeza, lakini ujue kwamba chumvi nayo ina wimbi lake: mwaka 2014 kundi la Gilroy lilionesha kwamba chumvi ya milimola 100 ikigusa ncha ya mzizi huanzisha wimbi la kalsiamu linalopita mzizini kwa takriban mikromita 400 kwa sekunde. Jibu lake halitakuwa sifuri, na hilo si kosa lako. Linganisha ukubwa, mwendo na njia.

Unahitaji pia mmea unaojua utaitika. Tone la maji ya barafu ni rahisi na karibu bure, kwani baridi ya ghafla hupandisha kalsiamu. Tone hilo lisipoleta kitu, usiseme mmea haukuitika kwa glutameti. Kihisi kimezimika au mpangilio wa kamera umekosewa.

Ushahidi mzito kuliko wote unatoka kwenye jeni. Mimea iliyoharibiwa jeni mbili za vipokezi vya glutameti, GLR3.3 na GLR3.6, huwaka penye kidonda, lakini ishara haifiki ipasavyo kwenye majani ya mbali. Ukitia kihisi kilekile katika mimea hiyo na kuona tofauti, una hoja ambayo fokasi na pH pekee haziwezi kuieleza kwa urahisi. Hakikisha tu kwamba mng'ao wa awali wa mimea hiyo unalingana na wa ile ya kawaida.

Kutoka picha hadi namba

Fiji, programu ya kuchambua picha, ni ya bure na inatosha. Chora eneo dogo la kupimia kwenye mshipa wa jani, karibu na kidonda, na mengine kwenye majani ya mbali. Chora eneo moja mahali pasipo na mmea, hilo ni la mandharinyuma. Pitia video nzima ukitazama maeneo hayo, uhakikishe jani halijateleza nje ya mchoro.

Toa mandharinyuma kabla ya kufanya hesabu yoyote. Tuseme kamera inasoma 100 pasipo na mmea, 500 kwenye jani lililotulia na 900 kwenye kilele. Mng'ao wa kweli ni 400 na 800, na badiliko, yaani (F − F0) ÷ F0, ambapo F ni mng'ao wa kilele na F0 ni wa jani lililotulia, ni 1.0. Ukisahau kutoa, utapata 0.8. Mimea miwili yenye kihisi kwa viwango tofauti itakosea kwa viwango tofauti, na wewe utadhani ni biolojia.

Kwa mwendo, chagua kizingiti kabla hujatazama matokeo, kwa mfano wastani wa mstari wa chini ukijumlisha mara mbili ya mchepuko wake sanifu. Tafuta picha ya kwanza ambapo kila eneo linavuka kizingiti, kisha gawanya umbali kati ya maeneo kwa tofauti ya muda. Pima umbali kwa kufuata mshipa, kwa sababu ishara haikati njia ya mkato angani.

Namba hizi ni za mabadiliko, si za kiasi. GCaMP ikiongezeka maradufu haimaanishi kalsiamu imeongezeka maradufu, kwani uhusiano wao haujanyooka, na karibu na kilele kihisi hujaa. Ukitaka kuandika nanomola, lazima ukalibrishe ndani ya mmea wenyewe, na kwa hilo kihisi cha uwiano kama Cameleon 3.6 kinafaa zaidi. Kwa maswali mengi ya nani alianza, wapi na lini, badiliko la mng'ao linatosha.

Unaporipoti, hesabu mimea, usihesabu maeneo ya kupimia. Maeneo kumi kwenye mche mmoja bado ni mche mmoja. Fanya jaribio kwa siku tofauti na sahani tofauti, na rangi za uongo za video ziwe na kipimo kimoja kwa mmea wa kawaida na ule wa kulinganishia. Hifadhi faili ghafi jinsi zilivyotoka kwenye kamera, katika diski mbili, zikiwa na jina la ukoo, tarehe, nguvu ya taa, muda wa kila picha na namba ya picha ambayo mkasi ulifunga.